Sufuria moja, mdogo wangu na mimi

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu chumvi ilinifikia ikiwa imefungia sambaza, vile visamaki vya ziwani. (Nasema makala ya gazeti, si makala, yaani makaa, ya kuwashia jiko la babula, ingawa hapa kwetu Bukavu neno ni lilo hilo.) Nilikunjua karatasi, nikapangusa mafuta, nikasoma kwamba chumvi ni sumu na kila mtu aiache. Baada ya majuma mawili mkachapa jibu la msomaji wa Ibanda aliyejisifu kuwa koko yake, mzazi wa mzazi wake, alikula makayabu, yaani samaki wa chumvi, maisha yake yote, akafa na miaka 92 bila kuijua tansio, shinikizo la damu lililopanda. Mmoja anatuambia wote tutaumia, mwingine anatuambia haumii mtu. Wote wawili wamechungulia sufuria tu, anayekula hawakumtazama.

Nijitambulishe. Nilifundisha biolojia sekondari miaka 19, hapa hapa mjini. Mshahara ulipoanza kuja kwa kusitasita, na miezi mingine usije kabisa, niliweka chaki chini nikashika mwiko. Huu ni mwaka wa 11 nina kibanda cha chakula upande wa juu wa soko la Kadutu. Napika bugali, sombe (kisamvu), maharage, lengalenga (mchicha), sambaza, na Ijumaa makayabu. Wanaokula kwangu ni vijana wa kushusha magunia, waashi, na wale mama wanaobeba mizigo mgongoni, kamba ikiwa imepita kwenye paji la uso. Wapo pia wanaume wawili watatu wa ofisi wanaokuja kwa kujificha, maana nyumbani wamepigwa marufuku ya munyu, ndiyo chumvi kwetu.

Mwalimu akiacha shule, hesabu hazimwachi. Niliposoma makala yenu nilichukua daftari. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kisichofanya mlima. Pakiti yangu ya gramu 500 nafungua Jumatatu asubuhi, Jumanne jioni nakung'uta mfuko. Sahani ninazouza ni kama 60 kwa siku. Gawanyeni wenyewe: gramu 4 na kidogo kwa kila sahani. Hapo sijahesabu kube, vile vidonge vya mraba vya kutia ladha. Kidonge cha gramu 4, karibu nusu yake au zaidi ni chumvi, nami nilikuwa nafungua 12 kwenye sombe huku naongea na watu, sihesabu. Kwa hiyo mteja wangu anapofuta mdomo saa saba mchana, kipimo chake cha siku nzima kimekwisha, na bado mke wake anamsubiri na chakula cha jioni. Nililala vibaya usiku ule, nakiri.

Basi msomaji wa Ibanda asidhani niko upande wake. Munyu tunakula mwingi, na hatuko peke yetu, kwa kuwa wastani wa dunia unazidi gramu 10 kwa siku, mara mbili ya kipimo. Ila ule munyu ukishamezwa haufanyi kazi ile ile kwa kila mtu, na hilo nimelishuhudia mezani kwangu.

Nina mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Yeye ana miaka 52, mimi 57. Tunapika pamoja, na adhuhuri tunakula pamoja, sufuria moja, mara nyingi sahani moja. Mimi tansio sijawahi kuambiwa ninayo. Yeye yake ilijulikana miaka 6 iliyopita, katika kituo kimoja cha afya ambako foleni ilikuwa inafika barabarani. Aliandikiwa vidonge, akaambiwa maneno mawili: "Acha munyu." Akatii kama mkatekista. Nyumbani kwake munyu ukatoka jikoni, zikaingia kube tatu kwa kila sufuria, kwa sababu, alivyoniambia, kube si munyu, kube ni ladha. Na vidonge akaviacha polepole, kwa hesabu yake kwamba ukishatoa munyu umeshatoa ugonjwa. Asubuhi moja tukishuka ngazi za Kadutu alikaa chini, akashika kichwa kwa mikono miwili. Muuguzi jirani alimpima, akakuta 196 kwa 112. Nilitazama ile namba nikatamani kumgombeza, ila uso wake haukuwa uso wa kugombezwa.

Simlaumu aliyemwambia maneno mawili. Alikuwa na watu 40 nyuma ya mlango. Lakini gazeti lenu halina foleni mlangoni, Ndugu Mhariri, nanyi mmeandika yale yale mawili kwa herufi kubwa.

Mwanangu aliyeko Lubumbashi alitutumia tansiometa, mashine ya kupimia tansio, ile ya kufunga juu ya kiwiko. Mdogo wangu alirudi kwenye vidonge, dokta akavipanga upya, vikatulia. Ndipo tukaomba ruhusa kwa dokta tufanye jaribio letu, vidonge vikibaki vile vile. Wiki 4 tungekula kama sufuria ya kibanda inavyotoka. Wiki 4 nyingine tungekula kutoka sufuria ndogo ya pembeni, munyu kidogo tu wa mwisho, kube hakuna. Kupima ni Jumamosi asubuhi kabla ya kahawa, mtu amekaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza. Hiyo kimya ilikuwa ngumu kuliko kuacha munyu. Mdogo wangu hajui kunyamaza.

Daftari ninalo hapa. Mimi, wiki za munyu, wastani wangu ulikuwa 126 kwa 80. Wiki za sufuria ndogo 124 kwa 79. Ni kama sikufanya kitu. Yeye, wiki za munyu, 152 kwa 94. Wiki za sufuria ndogo 138 kwa 87. Munyu ni ule ule, na aliyeutia ni mimi mwenyewe.

Najua ndugu wawili na tansiometa moja si sayansi. Mwanafunzi angeniletea kazi ya namna hiyo ningempa 8 juu ya 20. Kwa hiyo nikarudi kutafuta waliofanya kwa wingi.

Mwaka 1962, Mmarekani Lewis Dahl na wenzake walionyesha kwamba panya wakilishwa chumvi nyingi, wengine shinikizo linapanda sana na wengine halisogei. Akawazalisha panya wa aina moja kwa aina moja, akapata koo mbili: moja chumvi inaiua, ya pili inakula na kunenepa. Chakula kilikuwa kimoja, kilichowatenganisha ni urithi. Mwaka 1986 Myron Weinberger na wenzake wa Indiana, Marekani, walichapisha waliyoyaona kwa watu. Waliwajaza maji ya chumvi kupitia mshipa, halafu wakawatoa ile chumvi kwa chakula na dawa ya kukojoza, wakapima tofauti. Katika wenye tansio, 51 kwa mia walionekana kuwa wa kuitikia chumvi. Katika wasio na tansio, 26 kwa mia. Tazameni hizo namba pande zote mbili: nusu ya wagonjwa haikuitikia sana, na robo ya wazima iliitikia.

Kwa nini? Hapa nivumilieni, ndiyo saa yangu ya biolojia. Figo za mtu mzima huchuja kama lita 180 za majimaji kwa siku, kisha hurudisha karibu yote mwilini, chumvi ikiwemo. Kinachotoka ni kile kidogo kilichozidi. Mwenye figo nyepesi akila makayabu leo, kesho amekwisha kuyakojoa. Mwenye figo nzito anaushika munyu, munyu unashika maji, maji yanajaza mishipa, na figo haziachii mpaka shinikizo lipande. Tansio yake ndiyo bei anayolipa ili munyu utoke. Mdogo wangu analipa. Mimi bado napitishwa bure.

Nimeandika "bado" kwa kusudi, na msomaji wa Ibanda alisome hilo neno mara mbili. Umri unasogeza watu kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Kisukari kinasogeza, na figo zikiharibika zinasogeza zaidi. Sisi watu weusi, katika tafiti nyingi za Marekani, tumeonekana kuitikia chumvi zaidi ya wengine, ingawa si kila mmoja wetu. Na ulimi haukuambii uko upande gani. Mdogo wangu anasikia ladha ya munyu kama ninavyoisikia mimi, hata mimi ndiye ninayeupenda zaidi. Koko wa miaka 92 alikuwa na figo zake. Mjukuu ana zake, na karibu robo tatu ya urithi wake hakuupata kwa huyo koko.

Tena koko huyo hakula makayabu matupu. Nina hakika alikula maharage, ndizi, viazi vitamu na lengalenga, vitu vyenye potasiamu, na potasiamu husaidia figo kuitupa chumvi. Mwaka 2001 Wamarekani walichapisha jaribio la watu 412 waliopikiwa kila kitu kwa kipimo, viwango vitatu vya chumvi, kila kiwango mwezi mmoja. Kwa waliokula chakula cha kawaida cha huko, kutoka kiwango cha juu cha chumvi hadi cha chini, namba ya juu ya shinikizo ilishuka kwa 6.7. Kwa waliokula matunda na mboga kwa wingi na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, ilishuka kwa 3.0 tu, kwani ilikuwa imekwisha kushuka kwa sababu ya hicho chakula. Ni wastani huo. Ndani yake kuna kina mimi na kina mdogo wangu.

Karibu na kwetu zaidi, mwaka 1990 ulichapishwa utafiti wa Wajaluo waliotoka vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Muda mfupi baada ya kuhamia, shinikizo lao lilikuwa juu kuliko la waliobaki kijijini, na mkojo wao ulionyesha chumvi imeongezeka ikilinganishwa na potasiamu. Nikisoma hivyo namwona kijana anayeshuka kutoka vijiji vya Kabare kuja kutafuta maisha Kadutu: anaacha shamba la maharage na ndizi, anakuja kula sahani yangu ya gramu 4.

Wapo wataalamu waliosema, hasa tangu 2014, kwamba hata kula chumvi kidogo mno kuna hatari yake. Wenzao wakawajibu kwamba walipima chumvi kwa mkojo wa mara moja wa asubuhi badala ya kuukusanya wa saa 24. Ugomvi wao ni kama kumpima mchuuzi wa unga kwa kikombe kimoja alichokiuza saa kumi na mbili. Siuingii. Kwa mtu anayekula gramu 10 na zaidi, huko kwenye "kidogo mno" ni safari ambayo hajaianza.

Lakini "aiache kila mtu" mliyoandika inaumiza, na hapa ndipo niliposhika kalamu.

Kuna mama mmoja anayebeba magunia kutoka ufukweni, zinapotia nanga mashua za kisiwa cha Idjwi, hadi juu sokoni. Anafika kwangu saa nne, khanga imelowa mgongo mzima, alama ya kamba imekaa kwenye paji la uso kama kovu. Chumvi ya jasho imeacha mstari mweupe pembeni ya macho. Anachota munyu kwa vidole vitatu kabla hata ya kuonja. Yeye nimwambie nini? Nilimpima: 108 kwa 70. Simwambii kitu, namsogezea maharage. Na mtoto anayeharisha, katika mji huu unaoijua kipindupindu, anaokolewa na maji yenye chumvi: nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko 6 vya chai vya sukari katika lita moja ya maji safi. Mama aliyesoma kwenu kwamba chumvi ni sumu ataitia kwa mkono unaotetemeka, au hataitia.

Halafu kuna Idjwi yenyewe. Mama yetu alizaliwa huko. Koko yetu alikuwa na rovu shingoni kubwa kama yai la bata, na wanawake wa rika lake wengi walikuwa nalo, hata sisi watoto tulidhani ni sehemu ya kuzeeka. Miaka ya 1960 watafiti Wabelgiji wa kituo cha utafiti cha Lwiro walikwenda kulichunguza: kisiwa kilikosa madini ya joto, yaani ayodini, na mihogo isiyoondolewa sumu vizuri iliongeza ubaya. Dawa ya watu wote ilikuja kuwa ndogo mno, chembe za ayodini ndani ya chumvi ya jikoni. Mama mjamzito akikosa ayodini, ubongo wa mtoto tumboni ndio unaodaiwa. Sasa mnapomwambia kila mtu aache chumvi, yule msichana wa Idjwi mwenye mimba ataitoa wapi? Kupunguza chumvi na kuweka ayodini katika hiyo kidogo inayobaki havigombani, hilo Shirika la Afya Duniani limekwisha kulisema. Tatizo letu sokoni ni lingine: munyu unaopimwa kwa kikombe kutoka gunia lililo wazi, jua linaupiga, mvua inaunyeshea. Ayodini haikai hapo. Bora pakiti iliyofungwa, ingawa ni ghali kidogo, na munyu utiwe mwisho chakula kikishaiva. Hayo ndiyo ningependa kuyasoma katika ukurasa wenu wa afya.

Kitu kimoja zaidi kuhusu koko yetu wa Idjwi. Alitusimulia kwamba munyu wa dukani ulipokosekana walichoma matete ya ziwani, wakachuja maji kwenye majivu, wakayachemsha hadi yakauke. Ulikuwa mchungu kidogo, alisema, wala hakuutamani tena. Majivu ya mimea yana potasiamu kwa wingi. Nilicheka peke yangu niliposoma kwamba mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya jaribio la vijiji 600 vya China, watu karibu 21,000: nusu ya vijiji walipewa chumvi ambayo robo yake ni ya potasiamu, na wakapata kiharusi 14 kwa mia pungufu ya wenzao. Wale watu wengi wao walikwisha kupata kiharusi kabla, au walikuwa wazee wenye tansio. Chumvi ya namna hiyo sijaiona Kadutu. Na ikija, mwenye figo mbovu asiiguse bila dokta, kwa sababu potasiamu ikimjaa inasimamisha moyo. Mnaona tena: inayomponya huyu inamzika yule.

Kibandani nimebadilisha mambo mawili. Kube nimezitoa, sombe sasa inategemea karanga, kitunguu, pilipili na mawese, na wiki ya kwanza nilipoteza wateja 5 (watatu wamerudi). Munyu katika sufuria nimeupunguza nusu, na juu ya kila meza kuna bakuli dogo lenye mfuniko na kijiko cha plastiki cha dawa ya watoto. Makayabu naloweka tangu jana yake na kumwaga maji mara 3. Pakiti ya gramu 500 sasa, pamoja na yanayochotwa mezani, inafika Alhamisi. Wale wa ofisi hawajifichi tena, ila wananung'unika kwamba chakula kimekuwa kama cha nyumbani.

Jumamosi tansiometa inakaa kwenye kaunta tangu saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi, bure, anayetaka anakaa dakika 5. Wiki iliyopita walikaa 23. Watatu walikuwa juu ya 160 na hawakuwa na habari. Mmoja wao ni fundi mwashi wa miaka 34 ambaye bakuli la munyu halimwachi. Niliwaandikia namba kwenye karatasi wapeleke kwa dokta. Msomaji wenu wa Ibanda naye karibu, asiseme kitu hizo dakika 5.

Mdogo wangu alipima 136 kwa 84. Ameniuliza kama Noeli atakula makayabu. Nimemwambia nitayaloweka siku mbili.

Mwalimu wa zamani na mpishi,
Kadutu, Bukavu